Nilimsifu mbele ya darasa zima, sasa hanyooshi mkono tena. Nimekosea wapi?

Mwl_wa_Pili (Handeni)

Shikamooni walimu wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nina mwaka wa tatu kazini, nafundisha darasa la pili katika shule ya kijijini wilayani Handeni. Rejista yangu ina watoto 94. Wanaofika kila siku hawapungui 80, madawati ni 26. Naandika nikiwa nimeumia, naomba mnisome hadi mwisho.

Nilipoanza kazi nilijiapia kwamba fimbo haitaingia darasani kwangu, watoto hawa nitawalea kwa sifa. Mtoto akijibu swali nasema, "Safi sana! Mpigieni makofi ya kilo!" na darasa zima linapiga. Nikabandika manila ukutani, juu yake nikaandika NYOTA ZETU, na kila Ijumaa majina matano yanapanda. Asubuhi watoto walikuwa wanakimbilia darasani. Niliamini nimepatia.

Sasa kuna binti, nitamwita Zuhura ingawa si jina lake. Muhula wa kwanza kila zoezi yeye ndiye wa kwanza kumaliza. Alikuwa anasoma "ng'ombe" na "nyang'anya" bila kusita wakati wenzake wengi bado wanahangaika na herufi mwambatano. Nikampenda, siwafichi. Nikaanza kumwita Profesa. Nilimwita hivyo mbele ya wenzake, mbele ya mwalimu mkuu, hata mbele ya mama yake siku ya kikao cha wazazi: "Huyu mtoto ana akili, huyu ni profesa wangu."

Halafu tukaingia kwenye kutoa kule ambako unakopa kumi kwa jirani. Jumatatu niliandika ubaoni 52 kutoa 38. Zuhura akaandika 26. Nikampigia kosa kwa kalamu nyekundu kama ninavyowapigia wengine. Alilitazama daftari lile muda mrefu. Jumanne nilimkuta amefuta jibu kwa ufutio hadi karatasi imetoboka, na tundu ameliziba kwa kiganja. Jumatano akasema tumbo linamuuma. Alhamisi alikaa dawati la nyuma kabisa, ambako hajawahi kukaa, na nilipouliza nani anakuja ubaoni aliinama kufunga kamba za kiatu. Kiatu chenyewe ni cha plastiki, hakina kamba.

Siku hiyo baada ya kengele nilibaki peke yangu nikaisoma ile manila. Kwa miezi mitano majina yaliyopanda ni 11 tu, yanajirudia. Kwa hiyo nina watoto 83 ambao kazi yao mwaka huu imekuwa kuwapigia wenzao makofi. Yupo mvulana mmoja, mtoto wa wafugaji, hajapigiwa hata mara moja, naye ndiye anayepiga kwa nguvu kuliko wote.

Mwalimu mwenzangu aliyenitangulia miaka mingi aliniambia ofisini: "Si nilikwambia? Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtoto hasifiwi, anafundishwa." Sikumjibu. Maneno yake nimekaa nayo siku tatu sasa.

Je, niache kusifu? Au ipo namna ya kusifu ambayo chuoni sikufundishwa? Na kwa watoto 94 namna hiyo inawezekana kweli?

Kaka_Mwalimu (Kahama)

Pole sana dada. Mimi nina darasa la sita. Nanunua penseli na madaftari kwa mfuko wangu, na kila anayefikisha 80 kwenye jaribio anachukua. Wiki ya jaribio wanajituma kweli, unawaona wanasoma hadi chini ya miti. Ila wiki isiyo na zawadi nikigawa zoezi nasikia, "Mwalimu, hii ina penseli?" Mwanzoni hawakuwa hivyo. Kwa hiyo na mimi nakaa hapa nisubiri majibu pamoja na wewe.

Mama_Swaumu (Mbagala)

Mimi si mwalimu, ni mzazi wa watoto watatu. Naomba niseme moja tu.

Mwaka jana saa nne asubuhi simu ya mwalimu wa mwanangu iliita nikiwa sokoni. Miguu iliishiwa nguvu. Shule ikikupigia, ama mtoto ameanguka, ama amepigana, ama kuna mchango. Mwalimu akasema, "Mama, hakuna baya. Leo mwanao amemsomea mwenzake aya nzima kwa sababu mwenzake alisahau miwani, nikaona ujue." Basi. Dakika haikufika. Nilikaa juu ya gunia la viazi nikalia. Jioni nilimwambia mtoto maneno yale yale aliyosema mwalimu, sikuongeza langu. Alinitazama akauliza, "Kwani aliona?"

Swali lile la "kwani aliona?" ninalo mpaka leo. Walimu, mtoto anataka kujua kama mnaona.

Bibi_Chaki (Pangani)

Marahaba mwanangu.

Nimestaafu 2021 baada ya miaka 33, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na darasa la kwanza na la pili. Nilipofika kwenye kiatu kisicho na kamba niliweka simu chini kwanza.

Nianze na methali, maana mwenzako ameichukua kwa juu juu. Marehemu mjomba wangu alikuwa mgema. Alipanda minazi asubuhi na jioni, kotama kiunoni, kibuyu kimening'inia. Juu kule anapunguza ncha ya karara kidogo sana. Akikata pakubwa ameliharibu, asipokata tembo halitoki. Wanywaji walimsubiri chini ya mwembe. Walikuwapo waliomsifu yeye: "Mgema ni wewe tu, Pangani nzima hakuna mwingine." Na walikuwapo waliopokea kata, wakaonja, wakasema: "La leo tamu, umeliwahi kabla ya jua." Hawa wa pili ndio waliomfanya awahi tena kesho yake. Methali inasema mgema akisifiwa. Haikusema tembo likisifiwa. Nilifundisha miaka mingi kabla ya kuiona tofauti hiyo, na aliyenionyesha hakuwa mjomba, alikuwa mtoto wa darasani, nitamfikia.

"Profesa" ni kumsifu mgema. Umempa Zuhura cheo, na mwenye cheo hukilinda. Alipopata 26, kwako imekosewa hesabu moja, kwake umeanguka uprofesa. Asipojaribu tena, cheo kinabaki salama. Ndiyo tumbo, ndiyo dawati la nyuma. Mtoto huyo hajavimba kichwa hata kidogo. Anaogopa.

Sasa litazame tena lile jibu la 26, maana ndani yake kuna kitu kizuri na wewe ulikipita na kalamu nyekundu. Zuhura hakubahatisha. Aliona 2 haitoshi kutoa 8, akageuza: 8 kutoa 2 ni 6, halafu 5 kutoa 3 ni 2. Mtoto wa namna hiyo mimi ningekaa naye pembeni, si mbele ya watu, nimwambie: "Uligundua kwamba 2 haitoshi. Wengi hawakuliona hilo, waliandika tu. Njoo tuone vijiti vinasemaje." Chukua vijiti 52, mafungu matano ya kumi kumi yaliyofungwa kwa uzi, na viwili pembeni. Mwambie atoe 38. Atatoa mafungu matatu, atakwama kwenye nane. Nyamaza. Mwache akwame na vidole vyake juu ya vijiti, usimsaidie haraka. Ipo dakika ambayo mtoto mwenyewe anashika uzi wa fungu la nne na kuutazama, halafu anakutazama wewe kama anaomba ruhusa. Akiufungua akapata 14, usiseme "una akili". Sema, "Umefungua fungu mwenyewe." Hiyo inatosha, kwa sababu hicho ndicho alichofanya, na kesho anaweza kukifanya tena. Akili hajui ataipata wapi kesho ikikosekana. Uzi anajua ulipo.

Na hilo jina la Profesa liache taratibu. Usitangaze. Mwite jina lake alilopewa kwao.

Watoto 94 nawajua, mwanangu. Mwaka 2002, ada ilipofutwa na MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza, darasa langu la kwanza lilijaa watoto 140, wengine wana miaka kumi na hawajawahi kushika penseli. Najua nanyi tangu elimu bila ada ya 2016 mmeyaona hayo hayo. Nilikuwa naingia na kutoka bila kujua nusu ya majina. Nilichapa pia, niseme ukweli. Kanuni zilikuwapo za nani achape na viboko vingapi, mimi fimbo ilikaa mezani pamoja na chaki.

Alikuwapo mvulana aliyechelewa kila siku iendayo kwa Mungu. Nilimchapa karibu mwaka mzima. Siku moja nikamuuliza, si kwa kumjali, nilikuwa nimechoka tu: "Kwani wewe unatoka wapi?" Akasema anatoka Bweni, ng'ambo ya mto. Anavushwa na babu yake kwa mtumbwi, na babu hawezi kumvusha mpaka arudi kutoka kuvua. Daftari lake alikuwa amelifunga kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ule amekunja mara tatu. Nikalifungua. Hata kona moja haikuwa imelowa. Sikuwa na la kusema ila nililoliona: "Umevuka maji na daftari lako kavu." Mwanangu, mtoto yule aliinua uso. Nilikuwa sijawahi kuuona uso wake mzima, kila mara nilikuwa naona kisogo na kiganja. Hakuacha kuchelewa, angeachaje? Ila aliacha kujificha nyuma ya mlango, akawa anaingia, ananisalimu, anakaa.

Tangu siku hiyo nikaanza jambo dogo, nikalifanya hadi nastaafu. Kwenye pambizo la andalio la somo la kila siku niliandika majina matano, kwa mfuatano wa rejista, si kwa kuchagua. Watano hao leo ni wangu. Kabla kengele ya mwisho haijalia lazima niwe nimeona kitu kimoja ambacho kila mmoja wao amekifanya, na nimekisema kwa sentensi moja, karibu na sikio lake. "Leo herufi zako zimekaa juu ya mstari." "Umemsogezea mwenzako kitabu." Kama hakuna cha kusifu sikubuni, maana mtoto anajua ukimdanganya kabla wewe hujamaliza sentensi. Nilimuuliza tu habari ya kwao, au mdogo wake amepona. Nalo ni la kusema.

Piga hesabu. Watoto 94, watano kwa siku, ni siku 19 za shule. Kila mtoto anafikiwa mara moja kwa mwezi hivi. Utasema ni kidogo. Kwa wale 83 wako, mwezi mmoja utazidi walichopata tangu Januari.

Makofi usiyafute, watoto wanayapenda. Yawe ya darasa zima, mkimaliza wimbo, mkimaliza kitabu. Manila geuza: badala ya majina bandika kazi zenyewe, leo hesabu ya huyu, kesho mchoro wa yule, na kazi iliyokosewa kisha ikasahihishwa nayo ipande.

Na kesho usianze na Zuhura. Anza na huyo mtoto wa wafugaji. Muulize ng'ombe wakirudi jioni anajuaje kama mmoja hayupo. Jibu lake litakupa pa kuanzia.

Mkufunzi_wa_Walimu (Morogoro)

Shikamoo Bibi. Ulichokiona kwa mjomba wako kilipimwa na wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, wakachapisha mwaka 1998. Watoto wa darasa la tano walipewa mafumbo. Walipomaliza, baadhi waliambiwa wana akili, wengine waliambiwa wamejitahidi. Baadaye wakaongezewa mafumbo magumu mno, wakashindwa, kisha wakarudishiwa mepesi kama ya mwanzo. Walioambiwa wana akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza. Walioambiwa wamejitahidi walipanda. Na linalonihuzunisha zaidi, walipotakiwa kuandika alama zao kwa mtoto wa shule nyingine, karibu 4 kati ya 10 ya wale wa "una akili" walidanganya. Zuhura kuziba tundu kwa kiganja ni jambo hilo hilo.

Kaka wa Kahama, na la penseli lina utafiti wake, wa Mark Lepper na wenzake, 1973. Watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora. Wiki chache baadaye, cheti hakipo, hao ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Ila waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila kuahidiwa, hamu yao haikupungua. Mimi ningekushauri penseli uzigawe kwa sababu mtoto hana penseli. Alama zisihusike.

Bibi, lile la majina matano pambizoni naomba ruhusa nilipeleke kwa wanachuo wangu kabla hawajaenda mazoezi ya kufundisha.

Bibi_Chaki (Pangani)

Marahaba. Peleka, mwanangu. Waambie wafuate rejista, wasichague. Ukichagua utarudi kwa wale wale 11.

Mwalimu_Kwale

Hamjambo walimu, nawasalimu kutoka Kwale, Kenya. Huku kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na katika mtaala wa umilisi hatumpi mtoto nafasi ya kwanza wala ya mwisho, tunaandika amezidisha matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko mbali na matarajio. Mzazi akipokea ripoti bado anauliza, "Kwa hivyo amekuwa nambari ngapi?" Kubadilisha karatasi ni rahisi kuliko kubadilisha mazungumzo.

Kilichonisaidia mimi ni silabi moja ya lugha yetu. Nilijizuia kusema "hawezi". Nasema "hajaweza". Watoto wa gredi ya pili wameshika, mmoja akisema "siwezi", jirani yake anamrekebisha kama anavyomrekebisha sarufi: "Sema sijaweza." Na yule anarudia kusema, halafu anashika penseli.

Mwl_wa_Pili (Handeni)

Shikamoo Bibi, na wote mliojibu Mungu awabariki. Zimepita wiki tatu, nikaona si vizuri kupokea na kunyamaza.

Nilianza na yule mvulana kama ulivyoniagiza. Nikamuuliza wakati wa uji, anajuaje ng'ombe mmoja hayupo. Aliniangalia kama nimeuliza kitu ambacho kila mtu anakijua. Akasema, "Naangalia nani hayupo pembeni ya nani." Ng'ombe wao wanatembea kwa mpangilio wao, yule wa madoa nyuma ya yule mweusi. Akiona nafasi, anajua.

Nikamwambia asimame mlangoni aangalie darasa. Hakuhesabu. Alipitisha macho tu, akasema, "Hayupo wa dirishani, na wawili wa pale, na yule mwenye sweta." Nikafungua rejista: wanne, sawasawa. Nikamwambia, "Umewakumbuka wanne bila rejista." Hakucheka wala hakusema neno, akarudi mahali pake. Kesho yake asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni ananisubiri. Aliniambia, "Mwalimu, Zuhura si mgonjwa. Yupo nyuma ya darasa la awali, amekaa."

Nilimfuata Zuhura huko huko nyuma ya ukuta, na vijiti vyangu kwenye kanga. Hatukuongea habari ya Profesa. Nilimwambia kuhusu 26, kwamba aliona 2 haitoshi na mimi sikumsikiliza. Alichora chini kwa kidole muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua sio. Ila sikujua ipi." Tukapanga vijiti. Alikwama pale pale uliposema, Bibi. Nikanyamaza, na kunyamaza ni kugumu kuliko nilivyodhani. Mkono wangu ulikuwa unataka kufungua ule uzi. Aliufungua yeye, kwa meno.

Sitaki kuwadanganya kwamba yamekwisha. Hajarudi dawati la mbele. Amehamia la katikati, pembeni ya yule mvulana, na hilo sikumpangia. Juzi kwenye 41 kutoa 17 alikosea mara mbili, lakini hakufuta. Nimewaambia wote wapige mstari mmoja juu ya kosa wasifute, nataka kuona walikopita. Alipiga mistari miwili, chini yake 24. Karatasi ni nzima. Kazi hiyo ipo ukutani na mistari yake.

Mwalimu mwenzangu wa methali nilimsomea maneno ya Bibi ofisini. Alinyamaza, akasema tembo la mnazi yeye hajawahi kuonja, kwao wana la mianzi. Jana alikuja kuazima vijiti.

Mama Swaumu, Ijumaa nampigia mama yake Zuhura. Nimeandika kabisa nitakachomwambia ili nisije nikarudia neno "akili".

Majina matano ya kesho nimeshayaandika pambizoni. La tatu ni la mtoto niliye naye tangu Januari, na nimelitazama jina lake robo saa nzima, sura haiji. Kesho nitaita mahudhurio polepole, nikifika kwake nitainua macho.